Barua ya wazi kwa vijana wa steji: baba mdogo hakodishwi

Wanangu wa steji za bodaboda za Busia, na wenzenu wa Malaba na Tororo,

Juzi mmoja wenu alinijia na sukari kilo mbili na ombi. Anaoa Mukono, kwa Waganda, siku ya utambulisho, ya kujitambulisha kwa wakwe, imekaribia, na anatafuta mzee wa kusimama kama baba yake mdogo. Malipo yapo, kanzu atanikodishia. Kisa? Walipoanza kupendana alimwambia binti kwamba baba yake ana ng'ombe wengi na maduka hapa mpakani. Kumbe kalelewa na bibi mzaa mama, na hata pikipiki anayoendesha ni ya bosi, hesabu kila jioni. "Ni uongo mdogo tu, Mzee. Haujamuumiza mtu."

Nilimrudishia sukari yake.

Uongo wa siku za kwanza naujua, na mwingi wake nausamehe bila kuombwa. Kijana kaazima koti, kasifu matoke kumbe roho iko kwenye posho, yaani ugali, kajifanya shabiki wa timu ya kaka yake binti. Hiyo ni haya ya mtu anayetaka kupendwa. Hata hilo la ng'ombe, angelisema mwenyewe mapema, binti angenuna, kisha angecheka, yakaisha.

Lakini oneni alikofika. Kwenye utambulisho wa Waganda unaulizwa wewe ni nani. Unataja baba, babu, ukoo na mwiko wake, mpaka matawi ya ukoo, ijulikane kwamba hamuoani ndugu kwa ndugu. Msemaji wa kukodi sina ugomvi naye. Kila aliyeketi chini ya hema anajua analipwa. Mimi ningetaja ukoo wa nani? Wangu? Basi watoto wao wakue wakiwaita wajukuu zangu ndugu, na ndugu zao wa damu wasiwajue, hadi siku mmoja amlete nyumbani binamu yake kama mchumba! Na nikifa, nani atawaeleza wakwe kwamba marehemu alilipwa? Mnauita ujanja. Ujanja gani wa kuwadanganya akina mama waliopiga magoti kukusalimu?

Yapo mengine ambayo hayafichwi, hayana mjadala, sitayarefusha. Mke uliyemwacha kijijini. Mtoto. Virusi vya Ukimwi. Seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi: wote wawili mkiwa mmeibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, kwa hiyo pimeni. Umri: Katiba ya Uganda ya 1995 imesema miaka 18, basi.

Wazee wenzangu nao siwaachi. Tunamtwika orodha kijana anayeendesha pikipiki ya mtu: ng'ombe, kanzu, magauni ya gomesi ya mashangazi, sofa, sasa hata friji. Halafu tunashangaa akitafuta baba wa kukodi! Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ilikataza kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika. Orodha zenyewe haikuzigusa, na sisi tumezidi kuzirefusha kama tunauza shamba.

Mwanangu, mwone binti kabla ya siku hiyo, uso kwa uso, si kwa simu. Sema ulichosema na ukweli ulivyo. Sababu ziache mpaka aulize. Kisha watafute wazee wa upande wa baba yako, hata kama hawajawahi kukununulia daftari. Ukoo ni wao, waje wautaje.

Nanyi mabinti, akija kukiri, muulize nani mwingine alijua. Kama wewe ndiwe wa kwanza, nuna kiasi chako, halafu mweke chai mezani mzungumze. Kama steji nzima ilijua tangu mwanzo, wakawa wanakucheka ukipanda, usimjibu kitu siku hiyo. Nenda kwanza kwa shangazi yako.

Mzee wenu, Busia