Jiwe la Asembo lisubiri

Mwanangu,

Nimerudi Kisumu jana usiku, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi, lakini nimefika salama. Lile jiwe la Unguja nimeliona. Kabla hujampigia fundi simu tena, isome barua hii mpaka mwisho, halafu uirudie ukiwa umeshiba.

Uliponitumia picha ya nyumba ya makuti iliyokaa juu ya jiwe baharini, nilidhani ni mambo ya kompyuta. Ukaniambia, "Mama, nenda na chama chako cha akina mama, mle kwa pesa yangu, uniangalilie wanavyofanya, maana jiwe kama hilo tunalo Asembo, ndani ya Ziwa Victoria, nami nataka kujenga juu yake." Haya, nimekuangalilia. Miaka yote hii nimeuza samaki, macho ya kuhesabu ninayo.

Safari sikusimulii. Nairobi, Namanga, Arusha, Dar, kisha boti ya mwendo wa saa mbili hivi hadi Unguja. Mama mmoja wa chama alitapika tangu Dar mpaka bandarini, na lawama zote akaitupia chapati. Kutoka mjini tukakodi gari kuelekea mashariki, tukapita msitu wa Jozani, pale madereva wanapopunguza mwendo kwa sababu ya kima punju, wale wenye mgongo mwekundu wanaopatikana Zanzibar peke yake. Ukiendelea unafika Michamvi, na hapo Michamvi pana pwani inaitwa Pingwe. Mkahawa wenyewe unaitwa The Rock.

Tulifika kama saa sita mchana. Nikashuka garini, nikatafuta bahari, sikuiona. Mbele yangu kulikuwa na mchanga mweupe, vidimbwi, na mwani umelala chini kama nywele zilizosukwa vibaya. Lile jiwe limesimama katikati ya ukavu, limeliwa chini kama uyoga, nyumba juu yake, na ngazi ya mbao. Pembeni kulikuwa na mama mmoja ameinama anafunga mwani kwenye kamba. Nikamwuliza kwa Kiswahili changu cha Kisumu, "Shikamoo mama, maji imeenda wapi?" Akacheka mpaka akakaa. Akanijibu, "Yamekwenda kwao. Yatarudi."

Huyo mama alinifundisha kuliko mtu mwingine yeyote katika safari hiyo, kwa hiyo nakupa aliyonipa. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na kidogo, na kila siku mambo yanasogea mbele kama dakika 50, kwa sababu wanaufuata mwezi, hawafuati saa ya ukutani. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana. Hiyo wanaita bamvua, na pale Unguja tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita 4 hivi. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haina haraka. Sisi tulikwenda siku mbili baada ya mwezi mpevu. Yeye kazi yake yote inakaa ndani ya zile saa chache za ukavu: anafunga mbegu, anavuna, na wenzake wanatafuta pweza kwenye mashimo ya mawe. Kilimo hicho kilianza kisiwani mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Nikawaza gugumaji letu. Sisi magugu yanatufungia mitumbwi na kutunyima njia. Wao majani ya majini wanayaanika na kuyauza. Lakini hilo ni jambo la barua nyingine.

Tukatembea kwa miguu hadi kwenye ngazi, viatu mkononi. Juu pana meza kumi na kitu tu, basi, ndiyo maana lazima uweke nafasi mapema. Nyuma pana kibaraza kinachotazama bahari ya mbali. Wanasema zamani jiwe lilikuwa mahali pa wavuvi kupumzikia, na hilo naliamini, maana mvuvi wa popote hawezi kuona kivuli akakipita. Niliagiza samaki, wenzangu pweza na tambi. Samaki alikuwa mbichi wa kweli. Nilimfunua mashavu kabla sijaonja, mhudumu akanitazama. Ila kwa bei ya sahani moja, pale Dunga, ufukweni kwetu Kisumu, ningekula ngege (sato) mkubwa wa kukaanga, ugali na mboga ya osuga, mimi na wewe na shangazi yako, na omena (dagaa) wa kubeba. Sisemi wanaiba. Watu hawalipii samaki pale. Nilikaa nikitazama, na kweli ni maajabu: unakula, unainua kichwa, maji yamefika kwenye mchanga uliopita. Unakunywa soda, unainua kichwa tena, ngazi ya chini imezama. Hakuna kelele, hakuna wimbi kubwa. Ilipofika saa tisa u nusu tulikuwa kisiwani.

Hapo ndipo mama yako alipoaibika. Wenzangu waliisubiri mashua, mimi nikasema hapa nilipita kwa miguu mchana, mashua ya nini? Nikashuka ngazi. Maji yakanishika kiunoni, leso ikaelea kama mwavuli, na kijana wa mashua akaja kunivuta mkono huku ananiambia "Bibi, pole, bibi, pole." Niliingia mashuani kama gunia la mbuta, yaani sangara.

Sasa jiwe letu.

Wewe umeona nyumba juu ya jiwe, mimi nimeona ratiba. Biashara ile inajua maji yatakuwa wapi Jumanne ijayo saa nane. Mteja anaambiwa siku hiyo utatembea, siku ile utapanda mashua, na yote mawili ni sehemu ya raha aliyoilipia. Wale wenyewe wanajua siku gani gesi na viazi vinabebwa kwa kichwa na siku gani kwa mashua. Ziwa letu halina kitu hicho. Mwezi unalivuta pia, lakini kidogo mno, jicho halioni. Ziwa linafuata mvua, na upepo, na maji yanayotoka Jinja kwenda mto Nile, na likipanda halikwambii litashuka lini. Umesahau 2020? Mwezi wa tano ziwa lilivuka hata alama ya 1964, ile ambayo babu yako alikuwa akiisimulia nasi tukidhani anatia chumvi. Vibanda vya ufukweni viliingia maji, watu wakahama Nyando na Budalangi, na maji hayakuondoka jioni wala wiki ile. Bahari ya Pingwe inaingia na kutoka kila siku bila kumhamisha mtu. Sisi tulihamishwa na maji matulivu.

Na gugumaji. Upepo ukigeuka, jiwe la Asembo litazungukwa na shamba la kijani usiku mmoja, na wageni wako watakaa ng'ambo wanakupigia simu. Halafu choo. Pale Unguja sikuuliza choo kinamwaga wapi, nilikuwa na wenzangu, niliona haya. Lakini Asembo watu wanachota maji ya kunywa kwenye ziwa hilo hilo, na NEMA, wale wa serikali wanaosimamia mazingira, watakuuliza hilo kabla ya swali lingine lolote. Uwe na jibu.

Sijasema usifanye. Nimesema jiwe lisubiri. Jenga ng'ambo kwanza, kwenye kile kipande cha juu penye mwembe, jiwe liwe la kutazamwa, na atakayetaka apelekwe kwa mtumbwi akapige picha arudi kula. Kwenye ule mwembe jirani alichonga alama maji yalipofika 2020. Nimeipima kwa mkono wangu: inanifika kifuani. Ukija Desemba tutasimama pale pamoja, na huyo fundi naye aje na futi yake.

Pesa iliyobaki sikurudishii. Nimenunua karafuu na iliki za kutosha chama kizima, na leso mpya, maana ile ya zamani imebaki na mstari wa chumvi usiotoka.

Mama yako,
Kisumu