Barua kwa Mwanaidi: siku ya besiboli Wrigley Field

Chicago, Mei

Rafiki yangu mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Barua yako nimeipata na wasiwasi wako nimeuelewa: wenyeji wako wamekukatia tikiti ya kuwatazama Cubs, timu ya besiboli ya hapa Chicago, nawe hata mpira wa miguu huna habari nao. Nakuandikia mapema ili ukifika hapa usikae saa tatu ukihesabu dakika.

Ombi langu kubwa ni hili: usihangaike kufuata wachezaji wote. Watazame wawili tu, mrushaji na mpigaji. Kati yao kuna mita 18 na nusu hivi, na mpira ukirushwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, mpigaji hana hata nusu sekunde ya kuamua. Akizungusha gongo akakosa, au akiuacha mpira upite ndani ya eneo lake la kupigia, ni straiki. Straiki 3, anatoka. Mrushaji naye akirusha nje ya eneo hilo mara 4 na mpigaji asihadaike, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Kinachowachanganya wageni ni mpira uliogongwa ukaenda nje ya mistari: unahesabiwa straiki, lakini kama mpigaji ana straiki 2 tayari, haumtoi. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kurushiwa mipira kumi na bado yupo. Hesabu ikifika mibovu 3 (ile iliyorushwa nje ya eneo) na straiki 2, weka simu chini. Hapo ndipo utamu ulipo.

Mengine ni mepesi, hasa kwa aliyecheza raundas shuleni. Kuzunguka vituo vyote na kurudi nyumbani, yaani pale mpigaji alipoanzia, ni pointi moja. Timu ikitolewa watu 3, zamu inahamia kwa wapinzani. Zamu mbili ni ngwe moja, na ngwe ni 9. Sare hakuna: wakilingana wanaongeza ngwe. Lakini wenyeji wakiwa wanaongoza wakati wageni wanamaliza zamu yao ya ngwe ya 9, mchezo umekwisha hapo hapo, kwa hiyo usishangae watu wakiinuka ghafla. Siku hizi mambo hayachelewi sana. Tangu 2023 mrushaji anapimiwa muda kwa saa, sekunde 15 kama hakuna mkimbiaji kwenye vituo, na mechi nyingi huchukua muda usiofika saa tatu.

Sasa kiti. Uwanja huu ni wa 1914 na bado una nguzo za chuma katikati ya majukwaa. Ukikaa nyuma ya nguzo, mrushaji humwoni kabisa. Waambie wenyeji wako wasome maelezo ya tikiti, maana kiti kinachozibwa huandikwa hivyo. Kwa mechi ya mchana, upande wa kituo cha tatu hupata kivuli mapema kuliko upande wa kituo cha kwanza. Viti vya mbali kule nyuma vina raha yake, ila jua ni lako tangu mwanzo hadi mwisho. Na Mei isikudanganye. Upepo ukitoka Ziwa Michigan, meno yatagongana hata kama mjini ulikuwa na joto, basi beba sweta na koti. Ukiingia tu, tazama bendera zilizo juu ya ubao wa matokeo: zikipepea kuelekea nje, mipira itaruka mbali siku hiyo.

Panda treni ya Red Line, ushuke Addison. Uwanja unauona ukitoka kituoni. Fika saa nzima kabla, kwa sababu milangoni kuna ukaguzi. Begi liwe dogo. Tikiti iko kwenye simu, na mtandao hulemewa palipo na watu maelfu, kwa hiyo ihifadhi ungali nyumbani na simu iwe na chaji. Malipo ni kwa kadi.

Kuhusu kula: hot dog ya Chicago huwekwa haradali, kitunguu, nyanya, tango la siki, pilipili ndogo za kuchachushwa na chumvi ya seleri, bila kechapu. Soseji yake kwa kawaida ni ya ng'ombe, ila usidhani ni halali kwa sababu hiyo tu. Uliza, na soseji nyingine zina nguruwe. Karanga za maganda hazina shida, na maganda yanatupwa pale pale miguuni.

Usimpe mpigaji mgongo ukiwa mahali pasipo na wavu. Ule mpira una uzito wa gramu 145 hivi, ngozi yake imeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono 108 ya jozi, na ukikupata usoni utaumia vibaya. Ukiangukia kwako kwa upole, ni wako, nenda nao nyumbani. (108 ndiyo pia miaka waliyosubiri Cubs kati ya ubingwa wa 1908 na ule wa 2016. Ukimwona mzee analia, mwelewe.) Ukitaka kwenda msalani, ngoja mpigaji amalize ndipo uwapite watu. Katikati ya ngwe ya 7 wote husimama na kuimba, simama nao.

Mvua ikija wanatandaza turubai na kusubiri. Usiifute tikiti, kwani mechi ikiahirishwa hutumika siku ya marudio.

Mwishoni tazama tena juu ya ubao. Bendera nyeupe yenye W ya buluu maana yake wameshinda. Ya buluu yenye L nyeupe, wameshindwa. Ikiwa ni nyeupe, kaa kitini uwasikilize wakiimba. Treni zitakuwa zimefurika kwa nusu saa hata hivyo.

Niambie utakaa sehemu gani na safu ipi, nikuangalizie nguzo.

Wako akupendaye,
Rehema