Kwa vijana mnaochora kumbukumbu ya walionyongwa na Wajerumani Bagamoyo

Wajukuu zangu,

Marahaba. Michoro mliyoniachia barazani nimeitazama kwa utulivu, na kwa kuwa mliniomba ushauri mbele za watu, nami nautoa mbele za watu. Mkono wenu ni mzuri, hilo msilitilie shaka. Kinachonikera ni kwamba mmeanza na umbo, kisha ndipo mkatafuta watu wa kulitembelea. Mimi ni fundi mwashi. Kabla ya kuchimba msingi huuliza: nani ataingia humu, na akishaingia atafanya nini?

Mmechora msitu wa nguzo za zege karibu na ufuo. Nimeutambua, ni wa Berlin. Msanifu majengo Peter Eisenman alisimamisha kule nguzo 2,711 kwa ajili ya Wayahudi waliouawa Ulaya, na watu wakafunguliwa kuingia mwaka 2005. Ardhi yake inashuka na kupanda, nguzo zinakuzidi kimo, na wewe uliyeingia na wenzako unajikuta peke yako. Juu ya nguzo hakuna jina hata moja. Majina na habari za familia ziko chini ya ardhi, kwenye vyumba vya maonyesho. Lakini angalieni mahali penyewe: katikati ya mji mkuu wa waliotenda, jirani na lango la Brandenburg. Kazi ile inasema na mjukuu wa aliyeua. Bagamoyo ni mji wa aliyenyongwa. Mkimletea mjukuu wake zege tupu lisilo na jina, mmemwambia nini asichokijua? Na jua la saa saba la hapa mmelipigia hesabu? Bila kivuli, bibi mwenye magoti mabovu hafiki hata nguzo ya tatu.

Halafu kuna lile sanduku la kioo la kuwekea mifupa. Mmelitoa Rwanda, nadhani, ila Rwanda hawana jibu moja. Murambi, kwenye majengo ya shule ya ufundi, miili ilihifadhiwa kwa chokaa na kulazwa madarasani. Nyamata, nguo za waliouawa zimejaa kwenye mabenchi ya kanisa. Gisozi, mjini Kigali, wamezikwa watu zaidi ya 250,000 chini ya mabamba mapana, na wafiwa huja kuweka maua juu yake. Sehemu hizo tatu, pamoja na Bisesero, ziliingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2023.

Walioamua miili ya Murambi ionekane walikuwa na sababu nzito: mauaji ya kimbari ya 1994 yalikuwa na wakanaji tangu siku za mwanzo, na maiti zilikuwa ushahidi. Hapa nani anakana kwamba Mjerumani alinyonga watu? Boma lake lingalipo. Pwani yetu maiti husitiriwa, tena upesi. Sanduku hilo liondoeni, na kama siku moja mifupa itapatikana, waitwe kwanza wenye ndugu zao, si mpiga picha.

Kama lazima mwige, igeni Bisesero. Watu wa kule walipigana na wauaji wao kwa mawe na mikuki, na njia ya kumbukumbu yao inapanda mlima kwa kuzungukazunguka, ikipita vijumba tisa vya komuni tisa, yaani maeneo ya utawala, za mkoa wa Kibuye. Anayepanda anahema. Mwili wake unaambiwa kitu kabla hajasoma bango lolote. Nasi hatuna mlima, tuna mchanga na upepo, kwa hiyo fikirieni mwendo wa hapa unavyoweza kuwa.

Sasa majina. Pale mahali pa kunyongea kuna jiwe, na jiwe linataja kosa la Mjerumani bila kumtaja mtu aliyekufa. Nendeni kwenye makaburi ya Wajerumani wenyewe, waliokufa hapa zama za vita vya Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kumpinga Mjerumani: yana majina. Tofauti hiyo ndiyo kazi yenu, kuliko nguzo zote mlizochora. Abushiri bin Salim tunamjua, alinyongwa Pangani Desemba 1889, lakini waliokufa naye na baada yake wengi tunawaita "wananchi" basi. Kachimbueni Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, kuna majalada ya Kijerumani. Kaeni na wazee wa Kaole na Saadani. Mkipata majina machache tu, yachongwe hayo machache na ukuta uachwe na nafasi. Songea wanakumbuka kila Februari walionyongwa na Wajerumani 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, na mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama kule akaomba msamaha. Aliwakuta watu wanaojua wanamlilia nani.

Nguzo ya mwisho kwenye mchoro wenu, ile yenye mnyororo wa watumwa, itoeni pia. Habari ya watumwa ni nzito mno kuwa pambo la habari nyingine, na baadhi ya waliompinga Mjerumani walikuwa na watumwa mashambani mwao. Unguja, kwenye kanisa la Mkunazini, wana shimo lao lenye sanamu za watu na minyororo ya kweli shingoni. Linatosha peke yake kwa sababu halikuchanganywa na jambo jingine.

Tuje kwenye ufundi, hapa sitabishana. Zege lenye nondo karibu na bahari halikai. Chumvi inapenya, nondo inashika kutu, kutu inavimba, na zege linapasuka kutoka ndani. Tazameni nyumba za juzi hapa mjini zinavyomwaga vipande. Kisha nendeni Kaole mkaguse ukuta wa msikiti uliojengwa karne ya 13: jiwe la matumbawe na chokaa, bila chuma. Chokaa inapumua, maji yanaingia na kutoka. Msije mkaziba kwa saruji, saruji inafungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe ndilo linaloliwa. Jiwe lichimbwe nchi kavu, msiguse matumbawe hai ya baharini.

Wekeni ukumbi wenye paa na mabaraza marefu, watu wakae kusoma hitima au kusali sala zao. Wekeni maji ya kutawadha. Wekeni mti, na mtaje kwenye bajeti nani ataumwagilia na nani atapiga chokaa kila baada ya masika, kwa mshahara wa wapi.

Njooni Jumamosi baada ya alasiri niwaonyeshe jinsi ya kuchoma na kulowesha chokaa. Na mje na mchoro wa mifereji ya mvua, maana kwenye karatasi zenu zote sikuuona hata mmoja.

Babu yenu,
fundi mwashi mstaafu, Bagamoyo