Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa krosheti hapa Kaptembwo, Nakuru

Hamjambo wanachama, mama zangu, dada zangu, na wale vijana wetu wa kiume ambao mwaka huu wameacha kuona haya kushika sindano ya krosheti, ile ya ndoano. Mambo ya pesa nimemwachia mweka hazina, atawasomea yeye, mimi niongee kazi.

Mwaka tulianza na vurugu kidogo. Kila mtu alitaka popkoni na nanasi, ile mishono ya urembo ya vitambaa vya sofa, na cheni, vile vitanzi vya kuanzia kazi, bado zinamshinda, moja imebana hadi sindano haiingii ingine imelegea kidole kinapita. Kamati ikaamua hakuna urembo mpaka mtu alete kipande cha singo, ule mshono mfupi, na cha dabo, ule mrefu wake, chenye kingo zimenyooka. Kuna walionuna, sawa tu. Vile vipande vya kwanza vyote vilikuwa vinaendelea kukonda juu kama paa, kwa sababu mtu akifika mwisho wa laini anaruka ule mshono wa mwisho anageuza kazi, kila laini inapoteza mmoja. Saa hii mnajua: singo unageuza na cheni 1, dabo cheni 3 na hizo 3 ndo dabo yako ya kwanza, alafu unahesabu KABLA hujageuza.

Raundi nazo, yaani kushona kwa kuzunguka, zilitutoa jasho. Kofia inaanza na singo 6, raundi ya pili 12, ya tatu 18, unaongeza 6 kila raundi mpaka kisahani kitoshe utosi, hapo ndo unaacha kuongeza ishuke. Kitambaa cha meza usipoongeza kinajikunja kinakuwa bakuli, ukizidisha kinafanya mawimbi, na hayo mawimbi hata upige stachi namna gani hayatalala.

Waliovuka hapo wakaingia urembo na kwa kweli walinifurahisha. Sheli, ule urembo wa kama kombe, ni dabo 5 kwa tundu moja, ruka 2, singo, ruka 2, sheli ingine. Popkoni unashona dabo 5 kwa tundu moja, unatoa sindano, unaiingiza kichwa cha dabo ya kwanza, unavuta kile kitanzi ulichoacha kipite, inafura yenyewe. Lakini popkoni inakula uzi jamani, blanketi nzima ya popkoni usimkubalie mteja kama hajatoa deposti.

Patani za kwenye simu, yale maelezo ya kushona kitu hatua kwa hatua, zimetuletea kisirani. Ile Marekani wanaita singo, Uingereza ndo dabo yao, na dabo ya Marekani kule ni trebo. Wawili wetu walishona kofia ya mtoto kwa patani moja, kila mtu na dabo yake, moja ikatoshea mtoto ingine ikatosha babake. Tumekubaliana hapa ni za Marekani, na ukiona singo imetajwa jua ni ya kwao, Uingereza hawaitumii.

Soko lilikuwa zuri Julai kwa baridi, kofia na poncho zilienda, vitambaa vikangoja Desemba watu wakipamba nyumba. Mteja akikuambia ya mtumba ni nusu bei, mwambie aende akanunue hiyo, tusishindane kushusha. Alafu uzi: nunueni roli zote za kazi moja siku moja na mwangalie namba ya rangi kwa lebo zilingane. Kuna seti ya sofa ilirudishwa, dukani nyeupe zilionekana moja, kwa jua ingine ni ya maziwa, na mwenye duka akakataa kubadilisha.

Darasa la wanaoanza litafunguliwa tena Jumamosi. Waje na sindano ya milimita 4 na uzi wa rangi nyepesi, nyeusi msilete, hata mimi na miwani yangu matundu siyaoni. Na wenye deni la uzi mnajijua, daftari liko kwa mweka hazina.

Mwenyekiti wenu