Barua ya kufunga muhula wa kwanza

Kwa Wazazi na Walezi wote,

YAH: KUFUNGA SHULE, NA SWALI LA SHANGHAI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Shule inafungwa Ijumaa saa nne asubuhi. Matokeo yamo ndani ya bahasha hii. Kidato cha Pili wamepanda katika Hisabati. Kemia ya Kidato cha Nne bado inatutia aibu, nami sitaongeza neno. Mahindi na maharage mliyochanga yametufikisha hadi wiki ya mwisho. Ahsanteni.

Siku ya wazazi, mzee mmoja alisimama mbele ya ramani katika onesho la Kidato cha Tatu, kuhusu Wayahudi waliokimbilia mji wa Shanghai, China, akauliza: "Mwalimu, Shanghai inawahusu nini watoto wetu?" Watu walicheka, maana kwetu Shanghai ni makontena na bidhaa za Kariakoo. Nilimjibu harakaharaka, na vibaya. Naomba nijibu tena.

Watoto walianza na meli. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi, nyumba za ibada za Wayahudi, yalichomwa na Wanazi wa Hitler kote Ujerumani na Austria, na maelfu ya wanaume wa Kiyahudi wakapelekwa kwenye kambi za mateso. Familia zikatafuta pa kwenda. Kila ubalozi ulidai viza, na viza hazikutoka. Shanghai haikudai, wala si kwa wema. Tangu Mkataba wa Nanjing wa 1842, kati ya Uingereza na China, wageni walikuwa wameimega bandari ile: hapa eneo la kimataifa, pale eneo la Wafaransa. Mwaka 1937 Wajapani nao wakateka mji wa Wachina uliobaki. Katika vurugu hiyo hapakuwa na wa kukagua pasi gatini. Aliyefika alishuka.

Lakini kutoka Ujerumani nako kulihitaji karatasi ya kuonesha unakwenda wapi. Mjini Vienna, Austria, iliyokuwa chini ya Ujerumani, balozi mdogo wa China, Ho Feng-Shan, aligonga mihuri kwa maelfu, ingawa mkubwa wake wa Berlin hakupenda. Darasa lilikipenda kituko hiki: viza za kwenda mji usiotaka viza, na zikaokoa watu. Wakapanda meli za Italia kama Conte Verde, wakakatiza Suez na Bahari ya Hindi, kila mtu akiruhusiwa kutoka na marki 10 tu. Wanahistoria hutaja wakimbizi kati ya 16,000 na 20,000 waliofika Shanghai.

Walikuta Wayahudi wengine wamewatangulia. Wenye asili ya Baghdad walikuwa matajiri. Mmoja wao, Victor Sassoon, alikuwa na hoteli yake ya Cathay kando ya mto. Wakimbizi walipelekwa Hongkou, kwenye vitongoji vilivyobomolewa na vita vya 1937, wakalala mabwenini, blanketi likiwa ndilo ukuta kati ya familia na familia. Maji ya kunywa yalinunuliwa yakiwa yamechemshwa dukani, kwa hofu ya kuhara damu na homa ya matumbo. Hapo ndipo Horace Kadoorie, mwingine wa matajiri hao, alipowafungulia watoto shule mwaka 1939, Lucie Hartwich kutoka Berlin akiwa mkuu wake. Watoto walizungumza Kijerumani nyumbani na kufundishwa kwa Kiingereza. Nasi hapa tunalia kwamba Kidato cha Kwanza hawaelewi Kiingereza! Habari za mama huyo nimezisoma kwa wivu wa kikazi.

Tarehe 8 Desemba 1941 Wajapani waliingia eneo la kimataifa, na Waingereza na Wamarekani waliokuwa mabwana wa mji wakawa maadui. Mwaka 1943 wengi wao walifungiwa kambini, Lunghwa ikiwa mojawapo. Laura Margolis, Mmarekani aliyeendesha majiko ya kulisha wakimbizi, alifungiwa naye. Wakimbizi walikuwa wameshavuliwa uraia na Ujerumani kwa amri ya Novemba 1941. Basi tangazo la Wajapani la 18 Februari 1943 halikutaja hata neno Myahudi. Lilisema "wakimbizi wasio na uraia", wakapewa miezi mitatu kuhamia eneo moja la Hongkou. Kutoka humo ulihitaji kibali cha ofisa wa Kijapani aitwaye Ghoya, aliyejiita mfalme wa Wayahudi. Leo anakugongea muhuri, kesho anakuzaba kofi.

Hapo msichana mmoja wa darasa letu akauliza: "Na Wachina, wao walikimbilia wapi?" Mwalimu wa Historia akakosa jibu. Katika eneo lile walikuwamo Wachina wapatao 100,000, maskini kuliko wageni wao, na hakuna balozi aliyewagongea viza. Mabomu ya ndege za Marekani yalipoanguka tarehe 17 Julai 1945 yaliua wakimbizi zaidi ya 30, na Wachina kwa mamia. Kwa swali hilo wanafunzi walichora ramani ya pili, ya Wachina hao, nayo naipenda kuliko ya kwanza.

Sasa, kuna minong'ono kuhusu vijana wawili tuliowapokea Machi bila barua ya uhamisho. Ni kweli, nimewapokea. Ofisi inafuatilia karatasi zao, na wakati ikifuatilia wao wanasoma. Watu wa Kasulu tumeishi jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu 1996. Sidhani kama nahitaji kueleza zaidi. Wala msinielewe vibaya: mimi mwenyewe ni mtu wa karatasi. Wanafunzi 41 wa Kidato cha Tatu, wote wazaliwa wa hapahapa, hawajaleta nakala ya cheti cha kuzaliwa. Shughulikieni RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, likizo hii, msingoje mwezi wa usajili wa mtihani.

Shule itafunguliwa Jumatatu ya kwanza baada ya likizo. Kila mwanafunzi aje na fagio la chelewa. Wa Kidato cha Kwanza na jembe lenye mpini. Simu hazitaruhusiwa, hata za "kuangalia saa tu".

Ramani zote mbili zimebaki ukutani maktaba, na maktaba itakuwa wazi Jumanne na Alhamisi. Mzee wangu uliyeuliza, karibu. Yule msichana aliyeuliza habari za Wachina ameomba akutembeze yeye.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Shule