Barua ya wazi kwa vijana wa usharika wetu: mlipeni dada kwanza, sadaka ingoje

Wanangu na wajukuu zangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia ninyi mlioanza kujitegemea: mliopanga Kimara na Mbezi, mliofunga ndoa miaka hii ya karibuni, mnaotoka nyumbani alfajiri kuwahi mwendokasi na kurudi watoto wameshalala. Nawaona Jumapili. Mnaimba vizuri kuliko tulivyoimba sisi, Neno mnalisoma kwenye simu, na sadaka mnaituma kwa lipa namba kabla hata matangazo hayajaisha. Nafurahi sana nikiwaona. Lakini kuna jambo limenikaa kifuani kwa miezi sasa, na nikilinyamazia nitakuwa nimewakosea.

Ni habari ya dada wa kazi.

Mwezi wa sita nilikwenda kwenye ibada ya jumuiya nyumbani kwa mmoja wenu. Tuliimba, tukasoma, tukaomba, kisha tukala wali na kuku. Binti aliyetupikia alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni juu ya ndoo iliyofudikizwa, sahani mapajani. Tulipoanza kusali hakuna aliyemwita aje kukaa nasi, na mimi pia sikumwita. Nilipokwenda kunawa nikamwuliza jina lake, akanitajia kwa sauti ndogo. Nikamwuliza kwao ni wapi, akasema Singida. Nikamwuliza kama mama yake ana habari zake. Akajibu, "Babu, sijampigia siku nyingi, sina vocha. Mama wa hapa amesema mshahara tutahesabiana Desemba."

Tutahesabiana Desemba. Maneno hayo nayajua vizuri, kwa sababu mimi niliwahi kuyasema.

Mwaka 1988 mke wangu na mimi tulimchukua binti kutoka kijijini kwetu Kagera aje atulelee watoto hapa Dar es Salaam. Tulikaa naye miezi 41. Alikula tulichokula, tulimnunulia nguo, na wageni wakija tulimtambulisha kuwa ni mwanetu. Mshahara wake tulisema tunamtunzia. Biashara yangu ya nafaka ilikuwa changa, na kila fedha iliyopita mkononi ilikuwa na gunia la kununulia. Alipotuaga kwenda kuolewa tulimpa doti mbili za kanga, nauli, na fedha kidogo ndani ya bahasha, tukamwombea, tukaona tumefanya kubwa. Mwaka ule ule nilichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Kila Jumapili nilipita na kapu la sadaka kati ya viti, nimevaa shati jeupe alilozoea kulipiga pasi yeye.

Hakunishtaki. Angenishtaki kwa nani? Mwenyekiti wa mtaa alikuwa rafiki yangu, mchungaji alikuwa akila kwangu, na baba yake alinishukuru kwa kumpa mwanawe mahali pa kuishi. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize, wanangu. Bosi wako ukimdhulumu, ana sheria na ana wakili. Mwenye nyumba usipomlipa anafunga mlango. Dada wa kazi hana pa kwenda. Kwa hiyo yale unayomtendea yeye unayatenda mbele za Mungu peke yake, na hayo ndiyo yanayoonyesha imani yako ilivyo.

Mama yangu alijaribu kunifundisha hili. Yeye alikuwa mtu wa uamsho, ule uliopata nguvu baada ya Simeon Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, kukutana kilima cha Namirembe, Kampala, mwaka 1929 wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Uamsho ukavuka mpaka ukafika kwetu Bukoba, na waliookoka wakaitwa Walokole. Siku hizi wanakumbukwa kwa nyimbo zao na kukumbatiana kwao. Mama alitusimulia zaidi habari za kutengeneza. Aliyetubu aliondoka akaenda kutengeneza: aliyeiba jembe alirudisha jembe, aliyesema uongo alikwenda kwa yule yule aliyemdanganya. Yeye mwenyewe alitembea tangu asubuhi hadi jua la utosi na debe la buni kichwani, akalirudisha kwa mtu ambaye hakujua hata kama aliibiwa. Nilipokuwa mdogo nilimhurumia kwa uzito wa lile debe.

Tulimzika mama mwaka 2009. Usiku wa matanga mke wangu aliniambia, "Na yule binti je?" Sikumwuliza binti yupi. Tuliporudi Dar tulichukua daftari tukahesabu. Shilingi ya 1988 si shilingi ya 2009, kwa hiyo tulipima kwa kitu ninachokijua: mshahara tuliomwahidi ungenunua madebe mangapi ya mahindi wakati ule, na madebe hayo ni bei gani sasa. Tukazidisha mara 41. Ilitubidi kuuza kiwanja.

Tulimkuta Muleba, kwenye shamba la migomba, mtu mzima mwenye watoto wake. Alitukaribisha, akatupa ndizi na senene. Nilipomaliza kusema alizishika zile fedha, akanyamaza, halafu akauliza: "Baba, mbona hamkuja mapema? Mwanangu wa kwanza aliacha shule kwa kukosa ada." Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, na mpaka leo sina jibu. Deni nililipa, lakini miaka ya yule mtoto sikuweza kuirudisha. Ndiyo maana naandika sasa, mkiwa bado na deni la miezi na si la miongo.

Someni wenyewe. Torati, Kumbukumbu 24, inasema kibarua maskini apewe ujira wake siku ile ile, jua lisichwe kabla hajalipwa, kwa sababu moyo wake umeutegemea. Yakobo sura ya 5 anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele wenyewe. Hebu litafakarini hilo: yule binti wa jikoni ananong'ona, lakini mshahara wake ulio mfukoni mwako unapiga kelele, na Bwana wa majeshi anausikia. Na katika Mathayo 5 Bwana wetu anasema ukiwa madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako pale pale, uende kwanza ukapatane naye. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, na nawaambia wazi: kama dada hajalipwa miezi miwili, sadaka ya Jumapili hii ingoje. Usharika hautafungwa.

Najua mtanijibu nini, kwa sababu mimi nilijijibu hivyo hivyo. "Tunamsaidia, kwao ni maskini." Aliyekuja kwako akaamka kabla yako na kulala baada yako ndiye aliyekusaidia. Bila yeye usingekwenda kazini. "Anakula na kulala bure." Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, na ilijua kwamba anakula hapo. Hicho kilikuwa kiwango cha chini kabisa, na baadhi yenu mmeniambia mnatoa 40,000, tena kwa vipande. "Mishahara yetu nayo inachelewa." Hilo lina uzito, silipuuzi. Basi kaa naye mezani, kwenye kiti, umweleze kama mtu mzima: mwezi huu imekuwa hivi, nitakulipa tarehe fulani. Siku hiyo ikifika umlipe kabla ya mchango wa harusi na kabla ya kikoba. Na asiyeweza kulipa asichukue mtoto wa mtu.

Jambo la kumtunzia fedha liacheni kabisa. Mtumieni kwenye simu yake kila mwisho wa mwezi. Akitaka kuweka akiba ataweka mwenyewe, akitaka kumtumia mama yake atatuma. Apate siku ya kupumzika. Kama ni Mkristo aje ibadani akae na vijana wenzake, na asigeuzwe kuwa mbeba mtoto wenu kwenye benchi la nyuma. Kama ni Mwislamu, Idi ni yake, mpeni ruhusa na kitambaa kipya. Kama umri wake ni wa kuwa shuleni, basi kwenu si mahali pake, mrudisheni akasome. Na lile neno "beki tatu" mnalomwitia dada wa kazi, naombeni lisitoke tena kinywani mwa mtu aliyebatizwa. Ana jina aliloitwa na mama yake.

Nimeng'ang'ania dada kwa sababu yeye ndiye aliye karibu, lakini mnaelewa kwamba habari ni hiyo hiyo kwa fundi uliyemzungusha, kwa bodaboda unayemwambia chenji baadaye, kwa Mangi wa dukani ambaye siku hizi unapitia njia nyingine asikuone, na kwa mtu aliyekosea namba fedha zikaingia kwako nawe ukazima simu.

Zakayo aliposimama kusema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya anamrudishia mara nne, ndipo Bwana aliposema leo wokovu umefika nyumbani humu. Nyumbani humu. Nimelisoma neno hilo miaka mingi bila kuona kwamba linataja nyumba.

Jumamosi hii kuanzia saa nne asubuhi nitakuwa kwenye chumba cha wazee, nyuma ya kanisa. Mwenye deni la miezi ambaye hajui aanzie wapi aje na daftari na kalamu, tutakaa tuhesabu pamoja. Sitakuuliza mengi. Kama huna zote tutapanga utoe kiasi gani na lini, na kama unaona aibu kwenda kumwambia, nitakusindikiza mpaka mlangoni. Mke wangu atakuwepo na chai.

Babu yenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa mstaafu