Uwanja wa Olmoti tuuwekee bajeti, tusiuite kitega uchumi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa uwanja mpya wa mpira unaojengwa Olmoti. Mimi ni mhasibu mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefunga hesabu za hoteli hapa Arusha, na sasa naishi Muriet, jirani na njia ya malori yanayokwenda huko. Nina kiwanja upande huo pia, na bei yake imepanda tangu mkandarasi aingie. Nalitaja hilo mapema ili msomaji ajue kwamba mwandishi wa barua hii ni mmoja wa watakaonufaika.

Uwanja huu naupenda. Nimekulia kwenye mpira, na siku Septemba 2023 CAF, Shirikisho la Soka Afrika, ilipotangaza kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON ya 2027, fainali za Mataifa ya Afrika, kwa pamoja, nilishangilia na majirani zangu mpaka usiku. Arusha kupata uwanja wa watu 30,000 wenye hadhi ya kimataifa ni heshima ambayo wazee wetu waliokuwa wakikaa juani pale Sheikh Amri Abeid, uwanja wetu wa zamani, hawakuiota. Ninachokipinga ni hesabu inayotumika kuutetea. Kwenye redio, kwenye mikutano ya kata, na kwenye barua za wasomaji wenzangu katika gazeti hili, unaitwa kitega uchumi cha jiji. Hoteli zitajaa, mapato ya halmashauri yatapaa, vijana watapata ajira. Nimeziangalia hoja hizo kwa jicho la mtu aliyekaa na vitabu vya mauzo, na naona hazisimami.

Nianze na hoteli, maana ndiko nilikotoka. Fainali zimepangwa katikati ya mwaka. Muulize mtu yeyote wa mapokezi hapa mjini, kuanzia hoteli kubwa mpaka loji za Sakina, hali ya vitanda inakuwaje Julai. Ni hai sizoni, msimu wa wageni wengi. Nyumbu wako kaskazini mwa Serengeti, Wazungu wana likizo, na kampuni za utalii zimeshika vyumba miezi mingi kabla. Shabiki atakayekuja kutoka Lagos au Rabat hatalala kwenye kitanda kilichokuwa kitupu. Atalala kwenye kitanda ambacho angelala mtalii wa safari, na yule mtalii, akisikia mji umejaa na bei zimepanda, ataahirisha au ataingilia Nairobi. Mwisho wa mwezi hesabu ya chumba ni ileile. Tofauti ni kwamba mtalii wa safari huacha pia kiingilio cha hifadhi na posho ya dereva na mpishi wa porini, na shabiki wa mpira anakuja na tiketi yake na jezi yake, anaondoka timu yake ikitolewa. Zingekuwa fainali za Aprili, kwenye masika, wakati hoteli nyingine zinawapa wafanyakazi likizo kwa kukosa wageni, ningezungumza tofauti kabisa.

Sasa tuje kwenye mapato ya jiji. Hapa naomba wasomaji wanivumilie na tarakimu kidogo, kwa sababu wengi wanachanganya fedha inayozunguka mjini na fedha inayoingia kwenye mfuko wa halmashauri. VAT ya asilimia 18 inakwenda TRA, na TRA inapeleka Hazina. Halmashauri ilichokuwa inapata kutoka hotelini kwetu, nilipokuwa kazini, ni ushuru wa huduma: asilimia 0.3 ya mauzo. Chukulia uwanja umejaa watu 30,000, na kila mmoja ametumia shilingi 20,000 kwenye biashara zinazolipa ushuru huo. Ni shilingi milioni 600, fedha nyingi. Asilimia 0.3 yake ni shilingi 1,800,000. Jaza uwanja namna hiyo kila Jumamosi mwaka mzima, jambo ambalo hata Dar es Salaam haliwezekani, utapata shilingi milioni 93.6. Nimewahi kuidhinisha bili za umeme na maji za hoteli yenye bustani ya kawaida na bwawa moja la kuogelea. Uwanja wenye taa za kuonyeshea mechi za usiku, nyasi za kumwagiliwa kiangazi chote, walinzi, wasafishaji na mafundi hauendeshwi kwa fedha hiyo. Na nimekuwa mkarimu katika hesabu hii, kwa sababu fedha nyingi ya siku ya mechi huishia kwa bodaboda, kwa mama lishe na kwa kijana anayeuza skafu, ambao hawamo kwenye vitabu vya ushuru wa huduma. Naifurahia riziki yao. Lakini isihesabiwe mara mbili, mara moja kama riziki yao na mara ya pili kama mapato ya jiji.

Hata riziki hiyo, sehemu yake imehama tu. Mwaka 2022, Jumamosi ya tarehe 2 Julai, fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa hapa kwetu, Yanga na Coastal Union. Mechi iliisha 3-3, Sopu wa Coastal akiwa amefunga yote matatu ya timu yake, Yanga wakashinda kwa penalti. Waliokuwepo hawataisahau. Eneo lote la stendi na Kaloleni lilikuwa halipitiki, na nyama choma iliisha mapema. Mimi nilikuwa kazini. Bar yetu ya nje, ambayo Jumamosi hujaa watu wa mjini, familia na vikundi vya harusi, ilikuwa na meza chache zenye watu, na mhudumu alikuwa anafuta meza ambayo hakuna aliyeikalia. Jumatatu nilipofunga mauzo ya wikiendi, ukurasa wa bar ulikuwa mwembamba kuliko wiki iliyotangulia. Mtu wa Ngarenaro ana shilingi zake za Jumamosi. Akizitumia uwanjani, hazitumii kwingine. Fedha mpya ililetwa na waliotoka Dar na Tanga, na wengi wao walikuja na mabasi ya kukodi, wakageuza usiku uleule.

Wachumi wa Marekani wamelichunguza jambo hili kwa miongo mingi, kwa sababu huko miji hukopa kwa jina la wananchi ili kuwajengea matajiri wenye timu. Roger Noll na Andrew Zimbalist, ambao ni kati ya waliolifanyia kazi zaidi, waliona hivyohivyo: uwanja hauongezi sana fedha ya mji, unahamisha matumizi ya wenyeji kutoka kona moja kwenda nyingine. Seattle walikuwa na uwanja ulioitwa Kingdome. Ulifunguliwa 1976, ukabomolewa kwa baruti Machi 2000, na wananchi wakaendelea kuulipia deni mpaka 2015. Miaka 15 wanalipia kifusi. Manaus, kule Brazil katikati ya msitu wa Amazon, ulijengwa uwanja kwa Kombe la Dunia la 2014, zikachezwa mechi nne, na mji haukuwa na timu ya daraja la kwanza ya kuurithi. Cape Town nao, uwanja wao wa 2010 ulibaki mzigo kwa jiji zaidi ya miaka 10 kabla timu ya ragabi ya Western Province haijahamia humo 2021.

Sisi tuna nafuu moja kubwa ambayo Seattle hawakuwa nayo. Anayejenga ni Serikali Kuu. Zile takriban shilingi bilioni 286 zinazotajwa kuwa gharama ya ujenzi zinatoka Hazina, kwa kodi ya Mtanzania wa Lindi na wa Kigoma sawasawa na wa Arusha. Jiji halikukopa. Kwa hiyo kwa mkazi wa hapa ujenzi ni neema, na anayelalamika kwa niaba ya jiji kuhusu gharama ya ujenzi anakosea mlango. (Kama Mtanzania naweza kuuliza maswali mengine. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha ulikuwa wa shilingi bilioni 520, na uwanja ni zaidi ya nusu ya hapo. Maji nayatumia kila asubuhi.) Swali la mkazi wa Arusha ni la siku baada ya fainali: nani ataulisha uwanja huu?

Tusidhani ni swali la mbali. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa 2007, una viti 60,000, na una bahati ambayo Olmoti haina: Simba na Yanga zote zinautumia. Pamoja na hayo, Mei 2025, Simba walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane, mechi ya nyumbani haikuchezwa Dar. CAF iliikataa hali ya nyasi, na mechi ikahamishiwa Amaan, Zanzibar. Mechi kubwa kuliko zote kwa klabu ile kwa zaidi ya miaka 30, na uwanja mkubwa kuliko wote nchini ukawa haufai kwa sababu ya majani. Zege na viti ni kazi ya mkandarasi ya miaka miwili au mitatu. Majani ni kazi ya kila siku, yana mshahara wa mtu, mbolea, mashine na maji, na yasipopata hivyo hayasubiri kikao.

Na nani atacheza hapo? JKT Oljoro ilishuka kutoka Ligi Kuu 2014, na tangu hapo mechi za ligi hiyo tulizoziona hapa ni za wenzetu waliokuja kuazima uwanja. AFC, timu ambayo baba zetu waliifuata mpaka mikoani, imekuwa ikihangaika madaraja ya chini bila nauli ya uhakika. Inaniuma kuona mabilioni yakienda kwenye jukwaa wakati watakaolichezea hawana viatu. Sehemu ndogo sana ya gharama ile, ikitengwa kwa vijana na waalimu wa mpira wa mkoa huu, ingeupa uwanja sababu ya kufunguliwa Jumamosi ambayo Simba haiji.

Uwanja wa zamani unatufundisha jambo ambalo wanaopanga mradi wa Olmoti nadhani hawajalitazama. Sheikh Amri Abeid uko hai kila siku kwa sababu ya ukuta wake. Pita pale Jumanne saa tano asubuhi, hakuna mechi, lakini fremu za maduka zinazouzunguka ziko wazi, watu wanashuka stendi wanapita hapohapo. Ndani wanariadha wanajifua, wiki nyingine kuna mkutano wa injili, na Mei Mosi ya 2024 ya kitaifa ilifanyika pale. Uko katikati ya njia za watu. Olmoti hakuna anayepita kwa bahati. Mtu wa Sanawari au Ngaramtoni lazima apange safari, na mechi ikiisha saa nne usiku vifodi, daladala zetu, vimeshalala. Kama barabara, taa na usafiri wa jioni havitakuwa tayari, mwenye gari atakwenda, na asiye na gari atabaki kuangalia kwenye kibanda umiza. Wanaosema eneo litakua wako sahihi, ila kinacholikuza ni lami na umeme, ambavyo vingelikuza hata kama kungejengwa soko. Wapangaji wa Muriet wao kodi zinapanda tangu sasa.

Ndiyo maana naomba tuache neno kitega uchumi. Hatuiti shule ya kata kitega uchumi, wala Hospitali ya Mount Meru. Tunazitengea fungu kila mwaka kwa sababu tunazihitaji, na zikikosa fungu tunajua wa kumuuliza. Uwanja wa mpira unaweza kuwekwa kwenye orodha hiyo bila aibu yoyote. Watu wa Arusha wana haki ya kufurahi kwenye kiti kizuri kama watu wa Dar. Lakini tukiendelea kuamini kwamba utajiendesha wenyewe, hakuna atakayeutengea fedha, na mwaka 2030 tutakuwa na jengo zuri lenye nyasi kavu.

Kwa hiyo namwomba Mstahiki Meya na madiwani, na Wizara yenye dhamana ya michezo, watuwekee wazi mambo haya kabla ya bajeti ijayo kupitishwa: ni chombo gani kitauendesha uwanja, Wizara au Jiji, makadirio ya gharama za mwaka mmoja wa kawaida, usio na AFCON, fungu litakalolipa gharama hizo na kasma yake, yaani mstari wake kwenye bajeti, na kama Jiji litapata mgawo wowote wa mapato ya mlangoni, ni asilimia ngapi. Haki za matangazo na udhamini wa fainali ni za CAF, hizo tuziondoe kabisa kwenye hesabu zetu. Pia watueleze Sheikh Amri Abeid, ambao mwenye nao ni CCM, utabaki kwa wanariadha na wapangaji wa fremu au una mpango mwingine.

Karatasi mbili zinatosha. Zibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata za Olmoti na Muriet, kwa Kiswahili, na mhasibu wa Jiji aje kwenye mkutano wa hadhara ajibu maswali. Nitakuja na kikokotoo changu.

Wako,
Mhasibu mstaafu,
Muriet, Arusha